Dripu ya Sukari

Fundi simu mmoja wa Sinza alisifiwa kwa mkono mwepesi. Kibandani kwake karibu na Mori alibadilisha kioo huku akipiga soga, na jioni akihamia baa, hakuna aliyewahi kumwona na sahani. "Chakula kinakata stimu," alikuwa akisema. Inauma ukizingatia kwamba meza ya pili walikuwa wanakula kitimoto, yaani nguruwe, nyama inayoishinda ya ng'ombe na ya kuku kwa vitamini B1.

B1, au thiamini, mwili hauitengenezi, na akiba yake ni ya wiki chache tu. Pombe nayo huuzuia utumbo kuifyonza. Ndani ya seli thiamini hugeuzwa koenzaimu, msaidizi ambaye kimeng'enya hakifanyi kazi bila yeye. Sukari ikivunjwa hubaki piruveti, ambayo inatakiwa iingizwe kwenye mchakato wa kutoa nguvu. Thiamini ikikosekana, seli inakuwa daladala lililojaa abiria: dereva yupo, funguo hakuna. Piruveti inageuka asidi ya laktiki, na ubongo, ambao huishi kwa sukari, unakufa njaa sukari ikiwepo.

Asubuhi moja fundi aliamka anapepesuka, macho yanachezacheza, siku haijui. "Bado zipo kichwani hizo!" wenzake wakacheka, wakampeleka zahanati moja kuomba dripu, kama wafanyavyo wengi. Akatundikiwa ya glukosi. Kufika jioni akawa hasemeshiki.

Glukosi si sumu. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari lazima aipate haraka. Lakini kwa mlevi asiyekula, thiamini ya sindano iende nayo, la sivyo sukari hiyo inamaliza hata ile chembe ya koenzaimu iliyobaki. Daktari Carl Wernicke aliueleza ugonjwa huu wa ubongo mwaka 1881, na mmoja wa wagonjwa wake watatu wa kwanza hakuwa mlevi: alikuwa mwanamke aliyekunywa asidi, akawa anatapika mfululizo. Mjamzito anayetapika wiki baada ya wiki yumo hatarini vilevile. Na kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu walivimba miguu, wengine wakaishiwa pumzi, wanne wakafa. Dalili zilikuwa za beriberi, upungufu uleule wa thiamini ukishika moyo. Waliopewa thiamini walipata nafuu upesi.

Hospitalini fundi alikokimbizwa, daktari alimuuliza rafiki aliyemsindikiza, "Kaka, mara ya mwisho amekula lini?" Bia aliweza kuzihesabu. Chakula, hapana.

Sindano za thiamini ziliyatuliza macho, miguu ikapata nguvu kidogo. Kumbukumbu haikurudi. Atakusimulia safari ya Morogoro ambayo hakwenda, na si mwongo, ni ubongo unaojaziliza mapengo. Kibandani sasa anakaa na mdogo wake. Simu bado anaifungua vizuri, mkono haujasahau. Mteja akiifuata baada ya saa moja, fundi anamuuliza amekuja na tatizo gani.