Nani Aandikwe Maskini?

Husemwa kwamba umaskini haufichiki. Sisi hatukubali. Katika mahali kama Iyunga, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma na Zambia, mwenye kipato na mjane asiye na kitu huweza kupanga vyumba katika nyumba moja, wakachota maji katika bomba moja, na kuamkiana kila asubuhi. Wala mpita njia hawezi kuwatofautisha. Jirani peke yake ndiye ajuaye ni jiko lipi halikuwashwa jana. Ndiyo sababu neno tunalotaka kulisema leo latuhusu sisi majirani kuliko linavyoihusu Serikali.

Wasomaji wetu wanaujua Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Katika awamu yake ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, uliletwa mpango wa kunusuru kaya maskini, na baada ya miaka michache kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeandikwa. Hapo mwanzoni ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, nayo ililipwa kila baada ya miezi miwili. Kaya yenye watoto iliongezewa kidogo, kwa sharti kwamba wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule. Wenye nguvu walipewa kazi za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku. Fedha hizo hazimtajirishi mtu. Ni unga, ni sabuni, ni daftari la mtoto.

Na orodha ilipatikanaje? Kwanza wananchi wenyewe walikutana, wakazitaja kaya zilizo duni kuliko nyingine. Kisha kaya hizo ziliulizwa maswali juu ya watu waliomo, nyumba yao na mali yao, na majibu yakapimwa kwa hesabu. Mwisho majina yalirudishwa mkutanoni yathibitishwe. Basi jamii ilikaa barazani mara mbili, kama hakimu. Karani aliandika tu yale aliyoambiwa.

Wako wanaolalamika kwamba misaada ya namna hii hulea uvivu. Hukumbuka methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoueleza ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali njema. Lakini jembe hupewa mwenye mikono ya kulishika. Bibi kizee aliyeachiwa wajukuu watatu hakosi bidii, bali hukosa nguvu. Na mtoto aendaye shule na njaa hawezi kuitwa mvivu. Kumtupia mtu kama huyo methali badala ya chakula ni kuitumia hekima ya wazee vibaya.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, liko kwingine. Serikali yenyewe ilipohakiki orodha iligundua maelfu ya kaya zisizostahili: wengine walikwisha kufa, wengine hawakuwa maskini, wengine walikuwa viongozi waliopaswa kuilinda orodha hiyo. Jambo hilo lilisemwa waziwazi tena Februari 2020, kipindi cha pili cha mpango kilipozinduliwa. Mtu aliyejiandikisha hivyo hujitetea akisema, “Mali ya Serikali haina mwenyewe.” Hasha! Mali hiyo ina mwenyewe, naye twamjua kwa jina. Nafasi zina kikomo. Kila jina la uongo linaloingia husukuma nje jina la kweli. Mwongo hajamwibia Waziri aliyeko Dodoma. Amemwibia yule mama wa chumba cha pili, aliyemwamkia asubuhi ile ile.

Hapa lazuka swali gumu, nasi hatutaki kulikwepa. Kipimo cha maswali hakioni kila kitu. Mjane aweza kulala chini ya bati zuri aliloachiwa na marehemu mumewe, na ndani hamna chakula. Je, akilificha bati lake ili asikose msaada anaostahili, ametenda dhambi? Hatuthubutu kumpima sawa na tajiri mwongo, maana yeye atafuta haki yake. Hata hivyo, uongo wake wafundisha mtaa mzima kwamba ukweli haulipi, na kesho mwenye hila zaidi atamshinda kwa silaha hiyo hiyo. Njia iliyo nyofu ni kusimama mkutanoni na kusema: bati ni hili, na njaa ni hii. Lakini atasemaje peke yake mbele ya watu, naye aona haya? Hapo wajibu watuangukia sisi. Jirani ajuaye na kunyamaza ndiye anayemlazimisha mjane kusema uongo. Amri ya kutoshuhudia uongo humgusa pia anayeukalia ukweli kwa kuogopa lawama.

Neno jingine ni kwa vijana walio na ajira. Ikiwa mama yako ameandikwa katika orodha, nawe wapokea mshahara na kunywa nusu yake kabla ya Jumatatu, usiishukuru Serikali kwa kukupunguzia mzigo. Wajibu wa mtoto kwa mzazi hauhamishiki kwa saini ya karani. Msaada wa umma huja pale mikono ya ndugu inapoishia; haukuja ili mikono hiyo ikunjwe.

Mwisho, tuwakumbuke wale wanaojificha siku ya mkutano, wakiona ni aibu kutajwa maskini. Kwao twasema: kitambulisho cha mlengwa si cheti cha fedheha. Nanyi mlilipa kodi kila mliponunua sukari na sabuni, na nguvu za ujana wenu zimo katika mashamba na barabara za nchi hii. Aibu ni ya yule akitwaaye bila haki, na ya sisi tuliomwona akikitwaa tukatazama pembeni. Orodha itakapoletwa tena mbele yetu, tuisome kwa makini, na tufungue vinywa.