"Nenda Zako" Aliambiwa Nani?

Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara huko Marangu, nilimwona bibi mmoja mjane akipokea taa ya sola mara tatu. Taa yenyewe ilikuwa moja, bado imo ndani ya boksi lake. Mara ya kwanza mpiga picha hakuwa tayari. Mara ya pili bibi alikuwa ametazama chini. Mara ya tatu picha ikakubali: yeye, boksi, na mfadhili wake, kijana wa ukoo aliyepanda kutoka Dar es Salaam kuja "kuhesabiwa", kama wanavyotutania Wachagga kila mwisho wa mwaka. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatamka kwa mbwembwe, "Tenda wema nenda zako!" Makofi yakapigwa, muziki ukafunguliwa, na mfadhili akaenda zake kweli, kwenye meza ya nyama.

Mimi nilibaki na methali hiyo kooni kama mfupa.

Si mara ya kwanza kuisikia ikitumiwa hivyo. Huwa inatumiwa kwa namna mbili, na zote mbili zinanikera. Kuna wale waliotendwa, ambao huitamka kwa uchungu na kuiunganisha haraka na ile ya shukrani ya punda. Kwao maana yake ni kwamba watu hawana fadhila, kwa hiyo toa chako ukimbie kabla hujapigwa teke. Halafu kuna wale wa Desemba. Hawa huitumia kama stakabadhi: nimetoa, nimepigwa picha, nimemaliza, tuonane mwakani. Wa kwanza wanaficha kinyongo ndani ya methali, wa pili wanaficha uvivu. Nikilazimishwa kuchagua, nitamsamehe mwenye kinyongo kwanza.

Ugomvi wangu uko kwenye maneno mawili ya mwisho. Wahenga hawakusema "ondoka", wala hawakusema "mwache". Walisema "nenda zako", na hiyo "zako" imebeba njia ambazo hazikutajwa: nenda njia zako. Mtu mwenye njia zake ana shughuli zake, na kesho njia hizo hizo zitampitisha mlangoni kwa yule yule aliyemtendea wema. Huku kwetu mlimani ndivyo ilivyo hasa, maana kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, kimeshikana na kihamba, na kwenda dukani kununua kiberiti ni kupita uani kwa watu watano. Tazama mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia kwa zamu. Aliye juu akimaliza zamu yake hufungua maji yashuke kwa jirani ambaye huenda hata hamwoni kwa migomba ilivyosongamana. Hayasindikizi maji akidai asante. Lakini zamu ijayo lazima awepo, na siku ya kuzibua mfongo lazima aje na jembe kama wengine. Amekwenda zake, na hajaondoka.

Sasa, kwa nini aende zake? Tumezoea kuisoma methali hii kama dawa ya moyo wa mtenda: usingoje shukrani usije ukaumia. Nadhani tumeisoma kwa macho ya mwenye nacho. Anayeamriwa ni mtenda, lakini anayepata nafuu ni mtendewa. Yeye ndiye anayefunguliwa.

Kiswahili kina neno moja linaloeleza anafunguliwa kutoka wapi, nalo ni masimango. Jaribu kulieleza kwa mtu asiyejua lugha yetu uone utakavyohangaika. Itakubidi umsimulie kisa kizima. Msichana amejifungua, na kwa desturi yetu mzazi hupumzishwa miezi mitatu akilishwa mtori na maziwa, hashiki jembe wala hatwiki mzigo. Mama mkwe anamtunza vizuri, na mtori unakolea nyama. Mwaka wa pili, siku wamehitilafiana juu ya jambo dogo kabisa, pengine kuku aliyeingia jikoni, mama mkwe anasema: "Wewe si ndiye nilikuinua na mtori wangu?" Tangu siku hiyo ule mtori wote, wa miezi mitatu, umegeuka. Mkamwana atapokea kila sahani kutoka kwa mama huyo akiwa ameshaanza kuhesabu. Mtoto akiugua usiku, atafikiri mara mbili kabla ya kugonga mlango wake.

Deni la kawaida halina ubaya huo. Mwenye duka, ambaye nchi nzima siku hizi humwita Mangi hata akiwa hajawahi kuuona mlima, ana daftari. Ukichukua kilo ya sukari anaandika, ukilipa anakata mstari, mnaagana mkicheka. Daftari lina ukurasa wa mwisho. Fadhila ya masimango haina daftari, kwa hiyo hakuna siku utakayoambiwa umemaliza. Na mtu anayedaiwa deni lisilo na kiasi hujifunza kuficha. Anaficha njaa, anaficha ugonjwa, anaficha hata furaha, asije akaulizwa kaipata wapi huku anadaiwa.

Waulize wanaopandisha wageni mlimani kama kuficha ni jambo dogo. Pale kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, kiongozi wa msafara huwauliza watu wake jioni kama kichwa kinauma, kama chakula kimekaa tumboni. Mgeni amekusanya pesa miaka mingi, anaogopa kuteremshwa, basi atasema yuko salama huku macho yamemvimba. Mpagazi, mgumu kama wanavyojiita wenyewe, amepandisha mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20, anaogopa kupoteza ujira wa siku zilizobaki. Naye atasema yuko salama. Ugonjwa wa mwinuko ukizidi hujaza maji mapafuni, na tiba yake kubwa ni kushuka, mapema. Kiongozi anayejua kazi huanza kuuandaa ukweli huo siku ya kwanza kabisa, chini huko msituni. Anasema yeye mwenyewe amewahi kutapika. Anasema kushuka si aibu, mlima hauhami. Hamfokei mtu kwa kusahau glavu, kwa sababu anajua aliyefokewa kwa glavu hatasema kuhusu kifua. Huo ni wema wa makusudi, umepangwa kama chakula na mahema yalivyopangwa.

Na usiku wa kwenda kileleni, wanapoondoka kwenye kibanda cha Kibo karibu na saa sita, msaidizi mmoja hutembea na yule wa mwisho, hatua kwa hatua, pole pole. Hebu fikiri msaidizi huyo amwambie mgeni saa tisa usiku, "Nimekubebea begi tangu kibanda cha Mandara, usiniangushe sasa." Amemfunga mdomo. Mgeni atapanda akiwa anakufa, kwa kuona haya. Kwa maneno hayo tu, wema wa siku nne umekuwa mtego.

Kuna mwalimu mstaafu mmoja niliyebishana naye jambo hili ndani ya Hiace, kutoka Himo mpaka stendi ya Moshi mjini. Yeye alisema ninaipinda methali. "Mwanangu," akaniambia, "mbele ya mtu aliyekupa, hata ukimya wake ni masimango. Wahenga walisema nenda, na walikuwa na maana ya nenda. Mwondolee mtu uso wako apumue." Sikuwa na jibu la haraka. Nimelala na hoja yake siku nyingi, na ninakubali nusu yake: nilimwona bibi wa Marangu akitazama chini. Kuna nyuso za kutolewa mbele ya watu.

Lakini kama kila mtenda wema atajificha, nani atakuwepo usiku mtoto akiugua? Babu zetu walilijua tatizo hili, na hawakuliachia huruma peke yake, waliliwekea utaratibu. Mwenyeji akimkaribisha mgeni mbege, hunywa yeye kwanza kwenye kata, ndipo humpa mgeni. Wengine husema ni kutoa uchawi, na vijana hucheka. Wasicheke upesi. Mwenye nyumba, mwenye nguvu, mwenye chombo na kilichomo, anakubali kuwa wa kwanza kuhatarika. Hamwambii mgeni "niamini". Anakunywa. Vivyo hivyo aliyekosa, akienda kuomba radhi kwa jani la isale, huja amejishusha, na anayeletewa isale hulikataa kwa shida sana. Ajabu ni kwamba masale hayo hayo ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba. Mmea unaosema "hapa ni kwako, sivuki" ndio unaosema "nirudishe kwako". Sioni mgongano hapo.

Jibu langu kwa mwalimu, lililochelewa, ni hili: uso wa mtenda humtisha mtendewa pale unapokuja ukiwa juu. Ukija umeshuka, umeonja kwanza, umeomba na wewe kitu, hata chumvi, unaweza kukaa. Jirani aliyewahi kukuomba chumvi huogopi kumwomba unga.

Najua pia kuna atakayenifungulia Luka 17: Yesu mwenyewe aliuliza wale tisa wako wapi. Ni kweli, aliuliza. Na shukrani ni wajibu, simfundishi mtu utovu wa adabu. Lakini soma mpaka mwisho. Wale tisa hawakurudishiwa ukoma. Ndugu zangu Waislamu nao wanalikumbuka onyo la Surat al-Baqara, kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi na maudhi. Haikusemwa kwamba hupungua thawabu kidogo. Huharibika.

Basi tuseme ukweli juu ya simu zetu. Picha ya mtu akipokea ni masimango yaliyohifadhiwa. Zamani msimangaji alihitaji kukasirika kwanza. Siku hizi tunasimanga tukiwa na furaha, tena tunaweka na moyo mwekundu chini yake. Kundi la ukoo lenye watu mia mbili linajua nani alinunuliwa godoro, nani alilipiwa ada, mtoto wa nani alitolewa hospitali na nani. Halafu tunashangaa kwa nini wazee hawatuambii wanapoumwa, mpaka tunapigiwa simu tuje kuzika. Wewe unayesoma haya, kama unayo picha ya namna hiyo, ifute leo. Hakuna atakayekuuliza.

Katikati ya Januari, magari ya Dar yakiwa yameshakwisha, nilipita kwa yule bibi wa Marangu. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba baba, akanipa kigoda. Koroboi ilikuwa inawaka juu ya kabati, moshi wake umechora ukuta. Nikamuuliza habari ya taa. Akainama taratibu, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda, na gundi yake ilikuwa haijabanduliwa.

"Naitunza," akasema. "Mwenyewe akija Desemba aikute nzima."