Msitu ni Amana

Ndugu zetu Waislamu,

Tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Basi leo na tuitazame milima ya Lebanon, nchi kongwe iliyosifika kwa mierezi, ambayo Waarabu huiita arzi.

Misri ya Mafirauni ilikuwa na dhahabu na nafaka, lakini haikuwa na mbao ndefu. Miti yake ilikuwa migunga, mikuyu na mitende. Kwa hivyo, yapata miaka 2,600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Firauni Sneferu aliletewa shehena ya mierezi ya vyombo 40. Na kando ya piramidi ya mwanawe, Khufu, kilizikwa chombo cha mbao hizo, urefu wake mita 43 hivi. Kilipogunduliwa mwaka 1954, mbao zake zilikuwa zingali imara.

Waliokuja baadaye nao walikata. Kaisari Hadrian wa Rumi, aliyetawala tangu 117 hata 138, aliamuru majabali ya milima ile yachorwe maandishi, kutangaza kuwa aina 4 za miti ni mali yake. Na katika Vita Kuu vya 1914–1918 miti ya Lebanon ilifanywa kuni za garimoshi.

Je, ni nani aliyeumaliza msitu ule? Si mfalme mmoja. Mwerezi hauzai mbegu ila baada ya miaka mingi, na mche wake huliwa na mbuzi. Kila kizazi kilikata kikidhani mlima hauishi, na kazi ya kupanda kikawaachia wengine. Hata mwaka 1876 ikabidi mierezi iliyosalia karibu na Bsharri izungushiwe ukuta, mbuzi wasiingie. Mwerezi umo katika bendera ya Lebanon tangu 1943, lakini milimani imebakia michache.

Wala tusiwacheke. Boriti za mikoko yetu ya Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba miaka na miaka, hata mwaka 1982 serikali ya Kenya ikazuia kuziuza nje.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Muislamu apandaye mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe alaye katika mti huo. Basi yatupasa, tukatapo mmoja, tupande mwingine na kuulinda, ijapokuwa hatutakaa kivulini mwake. Tulichorithi ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi taufiki.