Asilimia Isiyo na Mwenyewe

Swali la kwanza ambalo mhitimu wa Buhongwa, Mwanza, hujiuliza anapofikiria kuomba shule ya biashara ya ng'ambo huwa la hesabu: katika kila waombaji mia, wanapokelewa wangapi? Jibu lipo, na linatisha. Shule ya Biashara ya Stanford, iliyoanzishwa mwaka 1925, hupokea chini ya waombaji 10 katika kila 100, na ya Harvard, iliyotangulia mwaka 1908, huchukua wanafunzi 900 na ushee kwa mwaka katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, inayofahamika kwa kifupi kama MBA, takriban theluthi moja kati yao wakitoka nje ya Marekani. Takwimu hizo ni za kweli, lakini hazimhusu mtu yeyote kwa jina lake, kwa kuwa viti havigawiwi kwa bahati nasibu. Kamati ya udahili, yaani jopo linalosoma maombi na kuamua, hukusanya darasa zima kwa pamoja, ikitazama kila mwombaji ataongeza nini ambacho wenzake hawana, hivyo mhasibu wa kiwanda cha samaki cha Mwanza aghalabu hupimwa kwa kulinganishwa na Waafrika Mashariki wenzake kuliko na mfanyakazi wa benki ya New York.

Ulinganisho huo nao una upogo wake. Wengi wa Waafrika Mashariki hao hutoka katika kampuni za ukaguzi wa hesabu, benki na kampuni za ushauri za Nairobi na Dar es Salaam, ambazo majina yake msomaji wa maombi aliyeketi Boston anayafahamu tayari, ilhali hajui lolote kuhusu mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki. Pale mwaloni, wakala humpa mvuvi nyavu, mafuta na pengine injini kwa mkopo ambao mara nyingi hauandikwi popote, kwa sharti kwamba sangara wote watauzwa kwake kwa bei iliyo chini ya ile ambayo mvuvi angeipata kama angekuwa huru, na tofauti hiyo ya bei ndiyo riba, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Kijana aliyesimamia mikopo ya namna hiyo, akajifunza kumtambua atakayelipa na atakayehamia kisiwa kingine usiku pamoja na nyavu, ana ujuzi wa hatari za mikopo ambao wanafunzi wengi wa biashara huukuta vitabuni tu. Hata hivyo, katika fomu yake ya maombi mara nyingi huandika kwamba alikuwa "msaidizi wa hesabu", kisha akajaza insha kwa maneno makubwa ya uongozi na maono aliyoyaona kwa wengine. Shule zinastahili lawama kwa kuuamini ushahidi wenye nembo ya kampuni kubwa kuliko ule usio na karatasi, lakini mwombaji anayeificha kazi yake halisi huzirahisishia kosa hilo.

Kanda ya Ziwa inao mfano wa zamani unaofaa kutazamwa. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alianza kazi ya ushirika mwaka 1947 katika chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na miaka michache baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa wakulima wa pamba waliolalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe. Ndipo mwaka 1953 alipokwenda Uingereza kusomea ushirika Loughborough, na aliporudi akawa meneja mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kukua hadi kuwa moja ya asasi kubwa za ushirika barani Afrika, kabla yeye mwenyewe hajawa Waziri wa Fedha na baadaye balozi nchini Marekani. Udahili wa enzi za ukoloni haulingani na wa leo, na ulinganisho usivutwe mno. Linalobaki ni mpangilio wa mambo: aliyekwenda darasani alikuwa tayari na swali, nalo lilitoka kwenye mizani.

Kwenye alama na mitihani mambo ni mepesi zaidi, ila yana mitego. Vyuo vikuu vya Tanzania hutoa wastani wa ufaulu kwa kipimo cha 5 na vya Marekani kwa kipimo cha 4, kwa hiyo 3.8, ambayo nyumbani ni daraja la pili la juu, huweza kusomeka kule kama ufaulu wa kileleni. Lililo salama na la haki ni kuiandika kama ilivyo pamoja na kipimo chake. Upo pia GMAT, mtihani wa hesabu, mantiki ya lugha na uchambuzi wa data, ambao toleo lake jipya la Novemba 2023 huchukua saa 2 na dakika 15 na kutoa alama kati ya 205 na 805. Huweza kufanyiwa nyumbani chini ya usimamizi wa mtandaoni, huduma nzuri kwa mtu asiyekatikiwa umeme.

Kuhusu fedha, Harvard haitazami uwezo wa mwombaji wa kulipa inapoamua kumpokea, na msaada hutolewa kwa kadiri ya uhitaji. Stanford nayo ilianzisha ufadhili kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, ikiwataka warudi kufanya kazi barani ndani ya miaka 2 baada ya kuhitimu, kwa muda usiopungua miaka 2. Sharti hilo lina mantiki hata mbele ya ofisa wa viza, kwa kuwa sheria ya Marekani humchukulia mwombaji wa viza kuwa na nia ya kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo. Anayedai kuuza nafasi katika shule za aina hii kwa malipo ya "usumbufu" ni tapeli.

Maombi hupokelewa kwa awamu, kwa kawaida Septemba na Januari, na shule zenye awamu ya tatu huifanya karibu na Aprili, wakati ambapo viti na fedha vimepungua na muda wa viza umebana, kiasi kwamba wageni hushauriwa kuiepuka. Muda huo wote, jambo linalocheleweshwa kuliko mengine ni barua za wadhamini, ambazo waombaji wengi huzitafuta kwa wenye vyeo hata kama hawajawahi kufanya nao kazi. Meneja wa zamu aliyemwona kijana akisuluhisha mgogoro wa mizani kati ya kiwanda na mawakala ataandika barua nzito kuliko ya mkurugenzi, hata kama itabidi asaidiwe kunyoosha Kiingereza chake.