Heshima ya Kusema "Sikupata"

"Kitendawili!" anaita mtegaji. "Tega!" wanaitikia waliomzunguka. Anatega: nyumba yangu haina mlango. Majibu yanamiminika, jiwe, kaburi, mzinga, na yote anayakataa. Wakikwama hawapewi jibu bure; wanadaiwa mji. Wanampa Muheza, anaukataa. Wanampa Pangani, anaukubali, anasimulia alivyofika huko akapokewa na kukirimiwa samaki na madafu, kisha ndipo anafichua: yai. Kila aliyekulia pwani ya Tanga, kuanzia Mkwaja hadi Moa, anaujua utaratibu huu, na kwa jinsi tulivyouzoea hatuulizi kwa nini uliwekwa. Kwa nini asiyejua alipe? Kwa nini asikae kimya akasubiri jibu, au akadai kwamba yai lilikuwa ulimini mwake ila mwenzake kamuwahi? Jibu langu ni kwamba wazee waliotuachia mchezo huu walielewa jambo ambalo michezo mingi ya leo inahangaika nalo: mchezo wa kuficha na kutafuta hauwezi kuwa wa haki mpaka kushindwa kuwe na namna yake ya kutamkwa. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa.

Hoja hii ina uzito leo kwa sababu dunia imepata mchezo mwingine wa kuficha na kutafuta, tena mpana mno. Mei 1, 2000 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa kiasi cha mita 100 vikaanza kuonyesha mahali kwa kosa la mita 20 hivi au pungufu. Mei 3 bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo ya plastiki msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, na kuweka sharti: atakayeipata achukue kitu, aache kitu, na aandike kwenye daftari lililomo. Siku chache baadaye ikapatikana. Mchezo huo, uitwao kwa Kiingereza geocaching, na ambao kwa sauti yetu tunaweza kuuita jiokashi, sasa una makopo mamilioni yaliyofichwa pande zote za dunia. Mfichaji huliwekea kila kopo alama mbili, kuanzia 1 hadi 5, moja ya ugumu wa kuligundua na nyingine ya ugumu wa kulifikia. Msakaji akilipata hulifungua, husaini daftari, hulirudisha palepale alipolikuta, kisha huwatangazia wenzake kwamba amelipata. Asipolipata, yapo pia maneno rasmi ya kutangaza: sikupata.

Tofauti kubwa kati ya mchezo huu na kandanda ni kwamba hapa hakuna refa. Msakaji yuko peke yake porini, hakuna anayemwona, na neno lake mwenyewe ndilo ushahidi wake mkubwa. Hila zinazotokea katika mchezo huu zinajulikana. Yupo anayetangaza amepata kopo ambalo hajawahi hata kufika nchi lilipo. Yupo anayepewa jibu la fumbo na rafiki yake, akajiandika kana kwamba amelifumbua mwenyewe. Yupo anayetazama mti mrefu ambao kopo limefungwa juu yake, akaona hawezi kuukwea, akaandika amepata kwa sababu amelifikia kwa macho. Hakuna fedha inayoibwa hapo, hakuna kombe, hakuna timu inayoshushwa daraja. Ndiyo maana swali la haki linakuwa gumu kuliko la uwanjani: mahali ambapo ushindi hauna zawadi na udanganyifu hauna adhabu, ubaya wa udanganyifu uko wapi?

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kucheza kuwa ni kujitahidi kwa hiari kuvishinda vikwazo ambavyo mtu hakulazimika kukutana navyo. Maelezo hayo yanatufungulia njia. Anayetaka tu kopo la plastiki anaweza kulinunua sokoni. Anayetaka tu jina lake liwe kwenye orodha anaweza kuliandika akiwa kitandani. Msakaji hataki kopo wala jina vikiwa peke yake. Anataka kulipata kopo kwa njia fulani, yaani kwa kutembea, kupekua, kufikiri na kuvumilia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi za kawaida kuinama ni gharama tunayoilipa ili tukipate kilichoko mvunguni. Katika mchezo mambo yamegeuka: kitu kimewekwa mvunguni ili tupate sababu ya kuinama. Anayekichukua bila kuinama hajapata njia ya mkato ya kufikia lengo, maana lengo lenyewe limemponyoka. Kwa hiyo kanuni na changamoto havishindani. Kanuni ndiyo inayoizaa changamoto, na akiivunja kanuni mtu huwa ameondoa kile kilichomtoa nyumbani.

Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa yanamfanya mdanganyifu aonekane mtu aliyejinyima raha yake tu. Ubaya wake unafika mbali zaidi, na unaonekana vizuri katika hila moja ambayo wasakaji wenyewe wamebishana juu yake kwa miaka. Mtu amefika, ametafuta, hajaona kitu. Anajishawishi kwamba kopo limepotea. Badala ya kuandika sikupata, anatoa kopo jipya mfukoni, analiweka pale anapodhani la zamani lilikuwa, anasaini karatasi aliyoileta mwenyewe, kisha anatangaza amepata. Atakwambia amemsaidia mfichaji kazi ya kwenda kukarabati. Tutazame alichokifanya hasa. Huenda kopo la zamani lipo, limefichwa kwa ustadi ambao jicho lake halikuufikia. Sasa yapo mawili, la halali na la bandia, na anayefuata atalikuta la bandia, rahisi, akidhani ameshinda jambo gumu. Ufundi wa mfichaji umefutwa bila mwenyewe kuulizwa. Ni sawasawa na mtu aliyeshindwa kitendawili akatunga jibu lake, akalitangaza kuwa ndilo, akamnyamazisha mtegaji. Yote hayo yametokea kwa sababu mtu mmoja hakuweza kuandika neno moja.

Neno hilo lina kazi kubwa kuliko linavyodhaniwa. Wasakaji watatu wazoefu wakiandika sikupata mfululizo, mfichaji anajua aende akaangalie, pengine mvua imelizoa kopo. Likiwepo bado, wote wanajua kwamba alama ya ugumu ilipaswa kuwa 4 badala ya 2. Kumbe taarifa ya kushindwa ni mchango. Ndiyo inayofanya taarifa za kushinda ziaminike. Mahali ambapo kila mtu hushinda, ushindi hauna habari yoyote ndani yake. Ndiyo maana katika vitendawili mji haudaiwi kimyakimya. Unatajwa kwa sauti, mbele ya watu, na mtegaji ana haki ya kuukataa ule anaouona mdogo. Anayeutoa hadhalilishwi kwa kuutoa. Ametambua kwamba aliyetega amefanya kazi, na kazi hiyo imemzidi leo. Msemo wetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani husemwa mara nyingi kama pole kwa aliyefungwa. Nauona kuwa ni masharti ya kuingia mchezoni: asiyeweza kulitamka hilo hajawahi kushindana na mtu.

Atatokea wa kuniambia kwamba huu ni mchezo wa mapumziko, kila mtu aucheze apendavyo, na kwamba kuhesabiana makosa ya burudani ni kuitia burudani uchungu. Sehemu ya pingamizi hili ni ya kweli. Mtu akitembea na watoto wake, wakaliona kopo, wakafurahi, wakarudi nyumbani bila kutangaza lolote, hana deni kwa yeyote. Mwingine akiamua kuweka masharti yake mwenyewe, kwa mfano kusaka bila ramani, hiyo ni changamoto binafsi na hakuna wa kumzuia. Uhuru huo unakoma pale anaposema "nimepata" kwa watu wanaolielewa neno hilo kwa maana moja. Hapo ametoka kwenye starehe yake binafsi na kuingia kwenye ahadi ya pamoja. Lugha ya mchezo ni mali ya wanaoucheza wote, na anayeitumia kwa maana yake ya siri anavunja imani ya wenzake.

Pingamizi la pili linagusa utu. Je, msisitizo huu hauwaonei wanyonge, yaani wazee, watoto, wenye ulemavu, ambao wataandika sikupata kila siku? Jibu liko tena barazani, kwenye vitendawili. Kitendawili huteguliwa na kundi. Mmoja anarusha wazo, mwingine analisogeza, wa tatu analikamata. Hakuna anayesema wamedanganya, kwa sababu msaada wao umesikika na wote. Msaada uliowekwa wazi haudhuru haki. Binti akiukwea mti kwa niaba ya babu yake, na babu akaandika kwamba mjukuu ndiye aliyepanda, wote wawili wamecheza kwa heshima. Hata alama za 1 hadi 5 ziliwekwa kwa ajili hiyo: kila mtu achague kikwazo kinacholingana na uwezo wake, kisha akikabili kweli. Kumwachia mtu ushindi wa uongo kwa kumhurumia ni kumwambia kwamba wa kweli haumfai.

Lipo pingamizi la tatu, zito zaidi, na linasemwa vizuri ukiwa Mkwaja kuliko ukiwa Oregon. Kata hii ya Wilaya ya Pangani, iliyo kati ya bahari na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ina watu ambao vikwazo hawavitafuti, vinawafuata. Mvuvi anayetoka usiku na ngalawa ana ugumu wa kutosha. Kumhubiria utamu wa ugumu wa kubuni ni anasa ya walioshiba. Nalipokea onyo hilo. Mvuvi anataka samaki, na familia yake haili changamoto. Hata hivyo pwani hiihii inatupa ushahidi wa kile kinachotokea fikra ya "muhimu ni kupata" inapotawala peke yake. Kwa miongo kadhaa uvuvi wa baruti uliitesa miamba ya matumbawe ya Tanga ingawa sheria iliukataza. Mlipuko mmoja unaua wakubwa na wadogo, unavunja nyumba za samaki wa kesho, na anayetupa mshipi wake kwa haki anakuta bahari tupu. Sisemi kwamba mchezo ungelizuia hilo, wala kwamba njaa na burudani ni jambo moja. Nasema watu wanaotaabika ndio waliotuachia vitendawili na bao. Walicheza baada ya kazi ngumu za mchana, na ndani ya michezo hiyo wakamfundisha mtoto, bila gharama ya damu wala chakula, kwamba kupata na kupata kwa haki ni mambo mawili.

Pwani hii inatufundisha pia mpaka mwingine wa haki, ambao sheria za mchezo hazimalizi: haki ya asiyecheza. Tuseme mtu anataka kuficha kopo kwenye ufuko wa Madete, kusini mwa Mkwaja. Kama fumbo, mahali pamekamilika. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo msakaji atalazimika kuijua kalenda ya mwezi. Lakini kasa hupanda mchanga huo usiku kutaga, mayai yake hukaa ardhini kwa takriban miezi miwili, na mwanga wa tochi humpoteza mama na watoto wake. Tena ufuko wenyewe uko katika eneo la hifadhi, ambamo hakuna anayeruhusiwa kuacha kitu atakavyo. Msakaji hodari asiyevunja kanuni hata moja ya mchezo atakuwa amemdhulumu kiumbe ambaye hakuombwa kushiriki. Ni hivyohivyo kwa makaburi ya kale ya Tongoni, ambako kupekua mawe kwa ajili ya burudani ni kuwakosea waliolala hapo na wanaowazuru. Changamoto niliyojitwika kwa hiari yangu hainipi ruhusa ya kumbebesha mwingine gharama yake. Waendeshaji wa mchezo wenyewe walilitambua hili: hawaruhusu makopo kuzikwa ovyo, wanadai ridhaa ya mwenye eneo, na tangu 2004 wanayo aina ya usakaji isiyo na kopo kabisa, ambayo mtu hufika mahali, huichunguza ardhi, na hujibu maswali. Kwa pwani yetu njia hiyo inafaa mno. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti kabla mmomonyoko haujakimaliza. Leo ni fungu la mchanga linalomezwa na maji makuu. Anayefika pale wakati wa maji kupwa, akaeleza kwa maneno yake kilichotokea, amesaka na kupata, na hakuacha hata mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo mwalimu au kiongozi wa vijana wa Pangani anayefikiria kuuanzisha mchezo huu, namwomba asianze na simu wala ramani. Aanze na mambo mawili: ruhusa ya mwenye eneo, na daftari ambalo ndani yake "sikupata" imeandikwa kwa wino uleule na kwa ukubwa uleule wa "nimepata". Kijana atakayeweza kulijaza daftari hilo kwa ukweli, peke yake, bila mtu kumtazama, huyo ndiye mchezaji. Idadi ya makopo yake haina haja ya kuulizwa.