Niletee, Nitanunua



Ndugu zangu, wengi wetu tunaoshuka Bwiza jioni kutoka kampasi ya Mutanga tunakwenda kwa mambo ya kawaida: kutengeneza simu, kutoa nakala za masomo, kununua chapati, kumsalimu jamaa. Mimi nilikuwa nakwenda kutafuta kapasita ya kutafutia stesheni, kile kifaa kidogo ndani ya redio za zamani kinachozunguka unapozungusha kitufe. Babu aliniachia redio mbili za masafa mafupi, na tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikizifungua, nikizisafisha na kulehemu nyaya zilizokatika. Sifanyi biashara. Napenda tu kusikia sauti ikirudi katika kitu kilichokuwa kimya.

Mwenye kupenda kitu cha namna hii katika mji kama wetu anaijua safari yake. Unaanza kwa mafundi wa simu, wanakutazama kama uliyekuja kuuza kuku. Wanakutuma Buyenzi, kwa mafundi wa magari, ambao wanaweza kukupatia kila kipuri cha Toyota isipokuwa chako. Huko mmoja anakumbuka kwamba kuna mzee Bwiza, nyuma ya mshona nguo, anayeshughulika na redio. Duka halina kibao. Unaulizia mara tatu, unafika, na unamkuta mtu ambaye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anajua unachokisema.

Mzee yule aliigeuza redio ya babu mikononi, akasema, "Hiki sina, mwanangu, na sidhani utakipata mjini hapa. Lakini nina mtu wangu Kariakoo."

Nikamwambia, "Niletee, mzee, nitanunua."

"Kweli?"

"Kweli, inshaallah."

Makala hii inahusu maneno hayo tu. Je, nilipoyasema nilifunga kitu shingoni mwangu, au nilikuwa nazungumza tu?

Haya ndiyo yaliyofuata. Kwa wiki tano mzigo haukufika. Wiki ya sita mjomba alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa na kapasita mbili mfukoni, kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile niliyotajiwa, kwa kuwa yeye hakulipa nauli ya mzigo wala gharama za mpakani Kobero. Nilifurahi. Redio ikaimba. Sikurudi kwa mzee. Nilianza hata kupita avenyu nyingine, na mtu anayebadilisha njia tayari anajua jambo ambalo hajakubali kulijua.

Kabla ya kuendelea, najua wapo watakaosema kosa langu lilianzia kwenye redio zenyewe: Muislamu mwenye mitihani ana nafasi gani ya kucheza na vyuma? Sikubaliani nao. Katika Sahihi mbili imepokewa kwamba Mahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamwacha Bi Aisha awatazame. Na Hanzala alipohofu kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake haukuwa nyumbani kama ulivyokuwa mbele ya Mtume, alifundishwa kwamba moyo una saa yake hii na saa yake ile. Burudani isiyokula sala, masomo wala haki ya mtu ni mubaha. Tatizo langu lilikuwa kwenye sharti hilo la tatu, haki ya mtu.

Dhamiri iliponigusa nilifanya kile ambacho sisi wanafunzi tunakiweza sana: nilitafuta hoja. Na nikaipata kwenye fikihi. Hakim bin Hizam (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mteja anayetaka kitu ambacho muuzaji hana, naye akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Basi, nikajiambia, mimi na mzee hatukuuziana kitu. Kifaa hakikuwa chake, bei haikulipwa. Kilichokuwepo ni ahadi tu, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wanaona kutimiza ahadi ya namna hiyo ni jambo linalopendekezwa sana, lakini kadhi hamlazimishi mtu. Nikalala usingizi.

Hoja hiyo ina sehemu ya kweli, na ndiyo maana ilinilaza. Lakini tuitazame vizuri. Katazo la kuuza usichonacho limewekwa ili mtu asiingizwe katika hatari asiyoijua, yaani gharari. Ni ngao. Mimi niliigeuza ngao ile ikawa mlango wa kutorokea, na hatari yote nikamwachia mzee. Nilikuwa mwangalifu sana wa sheria pale iliponisamehe, wala sikufungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili unasema hivi. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Malik ni kwamba ahadi ikiwa na sababu, na uliyemuahidi akaingia katika jambo hilo kwa ajili yako, basi inakufunga mpaka mbele ya hakimu. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwa maana hiyohiyo: ahadi inamlazimu mtoaji kidini isipokuwa ana udhuru, na inamlazimu hata kimahakama ikiwa imefungamana na sababu na aliyeahidiwa ameingia gharama kwa ajili yake. Udhuru wangu ulikuwa upi? Mjomba na bei nafuu. Huo si udhuru.

Hata tukiweka kando mahakama, kuna habari katika Sunan ya Abu Dawud ambayo inanitosha. Mama mmoja alimwita mtoto wake aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia kwamba asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa neno la kumwita mtoto linaandikwa, la kumwagizisha mzee bidhaa kutoka Kariakoo litaachwaje?

Na ile "inshaallah" yangu? Tumeambiwa tusiseme tutafanya jambo kesho bila kuitaja, ili tukumbuke kwamba kesho si yetu. Sisi tumeifanya kuwa upenyo. Tunaiweka mwishoni mwa sentensi ili tukibadilisha mawazo tuseme Mungu hakupenda. Tuwe na adabu. Mara nyingi Mungu hakutuzuia, tulijizuia wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulipata kitabuni, nililipata Bwiza. Neno lilelile halina uzito sawa kila mahali. Ningemwambia muuzaji wa Kariakoo "niwekee" nisirudi, ningekosea, lakini kabla ya adhuhuri angepita mwingine. Katika mji wetu, wanaotafuta kapasita ya redio ya zamani labda tunajaa kwenye mkeka mmoja. Kile kitu kikikataliwa na mimi, hakina mwingine. Duka la namna hii haliendeshwi na mtaji wa fedha peke yake, linaendeshwa na maneno ya wateja wachache. Mzee akiwaza aagize au asiagize, hana hesabu za soko za kutazama. Ana neno langu tu.

Na wafanyabiashara wa mji huu hawana nafasi kubwa ya kukosea. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na watu waliokuwa wamejenga mitaji kwa miaka waliipoteza kwa siku moja. Biashara ikatawanyika mitaani, kwenye maduka madogo na vibanda. Miaka ya karibuni tumeona foleni za mafuta na bei ya mzigo inayopanda kabla mzigo haujafika. Katika hali hiyo, anayekubali kukuagizia kitu kimoja kisichouzika anakufanyia hisani kabla ya kukufanyia biashara.

Mtu atasema: yeye ni mfanyabiashara, hasara ni sehemu ya kazi, na mwanafunzi maskini ana haki ya kufuata bei nafuu. Ni kweli, hasara ya soko ni yake. Bei zikishuka, wateja wakibadilika, huo ndio ujira wa faida anayoitarajia. Lakini hasara hii haikutoka sokoni. Ilitoka kinywani mwangu. Na haki ya kufuata bei nafuu ninayo kabla ya kusema "niletee", si baada yake.

Nililijua hili siku dada mmoja wa jumuiya yetu, anayepiga picha kwa kamera ya zamani ya filamu, aliponiambia amefika kwa mzee fulani wa Bwiza kuulizia kipuri. Alijibiwa kwa upole kwamba pale hawaagizi tena vitu vya watu. Waliagiza, wakaachiwa. Sikumwambia aliyewaachia ni nani. Nilikuwa nimedhani deni langu ni kwa mtu mmoja, kumbe nilikuwa nimefunga mlango ambao wengine wangepitia.

Nikaenda. Kapasita zilikuwepo kwenye rafu, kumi ndani ya pakiti, kwa kuwa yule wa Kariakoo hauzi moja. Nikaomba radhi, nikalipa ile moja niliyoiahidi kwa bei ya mwanzo, ingawa sina kazi nayo, na nikachukua nyingine mbili kwa fedha nilizokuwa nazo. Mzee alipokea, akanikaribisha kiti, tukazungumza habari za redio. Nilipomuuliza kama ataagiza tena kwa ajili ya wengine, alisema, "Tutaona." Hakuongeza inshaallah, wala sikuwa na uso wa kumkumbusha.

Ndugu zangu, njia za halali zipo na si ngumu. Ukiwa na uhakika na fedha ipo, lipa yote mapema kwa sifa, kipimo na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salamu, biashara ambayo Mtume (s.a.w.) aliikuta Madina akaiwekea masharti. Ukiwa na kidogo, zungumzeni kuhusu arbuni, ile sehemu ya bei inayobaki kwa muuzaji ukijitoa. Wanazuoni wengi waliikataa, Imam Ahmad aliiruhusu, na Baraza hilohilo la Fikihi liliipitisha mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Waulize mashehe wako. Na kama huna uhakika, basi sema neno lililo kweli: "Mzee, kikifika nitakitazama, lakini usiagize kwa ajili yangu." Labda hataagiza. Utakosa kitu ukipendacho, na rafu yake itabaki salama.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi ambazo watu wanaweza kuagizia mzigo. Amin.