Sauti ikishatoka kwenye buti, ni ya nani?

Kijana niliyemfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, ambaye leo ni fundi wa kufunga muziki kwenye magari, alinipigia simu mwezi uliopita. "Shikamoo Ustadhi. Nina swali, lakini nataka ulijibie hapa gereji, ukiwa unaiona kazi yenyewe." Nikaenda baada ya swala ya Alasiri. Gereji yake ni kiwanja kidogo chini ya mwembe, hapa Dar es Salaam, nyumba za watu zimekizunguka pande tatu.

Nilimkuta ameinamia buti la Toyota, zulia lote limevuliwa, bati limebaki wazi. Alikuwa akitengeneza boksi la sabufa la faiba. Wengi wetu tunayajua maboksi ya mbao ya pembe nne, yale yanayojaza buti mpaka mzigo wa sokoni unapakatwa kwenye viti. Hili ni kitu kingine. Fundi hubandika tepu ya karatasi kwenye lile bonde lililo nyuma ya tairi, tabaka juu ya tabaka, kisha karatasi ya aluminiamu, ili resini isigande kwenye bodi. Juu yake hutandaza vipande vya nyuzi za kioo na kuvilowesha kwa resini iliyochanganywa na dawa ya kugandishia. Dawa hiyo ni asilimia moja au mbili tu. Ikizidi, resini hupata moto na kupasuka kabla brashi haijamaliza kazi. Ikipungua, hubaki inanata siku nzima. Mapovu yote husukumwa nje kwa rola, maana kila povu linalobaki ndani ni udhaifu. Baada ya tabaka nne au tano ganda hutoka na umbo lile lile la ubavu wa gari, kila bonde na kila mkunjo. Mbele hufungwa duara la MDF la kukalia spika, kitambaa kikavutwa juu yake kama ngozi ya ngoma, kikaloweshwa resini kikawa kigumu kama kifuu cha nazi. Halafu nyuzi tena, pati, msasa na rangi.

Kabla ya kufunga spika, kijana huyu humimina mchanga mkavu ndani ya boksi kwa ndoo yenye alama za lita, kisha huutoa wote. Spika ya inchi 10 kwenye boksi lililozibwa kabisa hutaka ujazo wa lita 15 hadi 20 hivi, kutegemea aliyeitengeneza. Hewa iliyo ndani ndiyo springi inayoirudisha spika mahali pake. Boksi likiwa na tundu la kupumulia, hesabu hubadilika, na mlio wake huwa mkubwa zaidi karibu na kiwango ambacho tundu hilo limepimiwa. "Ustadhi, asiyepima anauza kelele," akaniambia, huku akiniwekea tochi nione viungo vya ndani alivyovipaka resini mara ya pili. Huko hakuna mteja atakayetazama hata siku moja. Nakiri kwamba nilisimama pale nikamwonea fahari. Darasani hakuwahi kumaliza zoezi bila kuhimizwa.

Jambo moja lilinikera, nalo nilisema pale pale. Yeye na vijana wake wawili walikuwa wamejifunga vitambaa puani. Kitambaa huzuia vumbi kidogo, lakini mvuke wa resini hakiuzuii. Ile harufu kali ni ya stairini, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 2018 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Miili ile ni amana, na wale wawili ni watoto wa watu. Zipo barakoa zenye kichujio cha mvuke, na bei yake haifiki faida ya boksi moja.

Sasa swali lenyewe. Mwenye gari alikuwa ameshalipa nusu. Fundi alipomuuliza anataka sauti ya namna gani, jamaa akamjibu kwamba anataka akiingia mtaani kwao saa sita usiku, watu wajue amerudi. "Hakusema kwa ubaya," kijana akanieleza. "Alikuwa anacheka. Lakini mimi usingizi haukuja. Hela hii ni halali?"

Najua wapo wasomaji wanaosubiri niseme hukumu ya muziki, mjadala ufungwe. Mjadala huo una vitabu vyake na hautusaidii hapa. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea jambo hili bila kupiga wimbo hata mmoja.

Miaka miwili iliyopita kijana huyu huyu alinifungia boksi dogo kwenye Corolla yangu, kama zawadi kwa mwalimu wake. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawa napiga kisomo cha Qur'an nikitoka kazini, na nikifika nyumbani usiku nasubiri sura iishe kabla ya kuzima gari. Sauti ya msomaji ilitoka nzito, imejaa, ukadhani amekaa kiti cha nyuma. Nikaona nautendea mtaa hisani. Hali hiyo iliendelea kwa karibu miezi mitatu, mpaka siku binti wa jirani yangu alipomwambia mke wangu, kwa aibu na kwa kuzunguka sana, kwamba mama yake ana presha, kitanda chake kiko ukutani upande wetu, na kila usiku glasi za kabatini hulia. Hawakusema mapema kwa sababu waliogopa. Nani atamgongea mlango mwalimu wa dini amwambie apunguze Qur'an?

Hapo ndipo moyo uliponishika. Kijana anayepiga bongofleva usiku wa manane atatukanwa na mtaa mzima, na atajua amekera. Mimi nilikuwa nimemfunga jirani mdomo kwa kitu anachokiheshimu. Usingizi wake nilikuwa nimeuchukua, na haki ya kulalamika pia.

Tena kwa nini glasi zililia, wakati maneno ya kisomo hayakusikika vizuri chumbani kwa yule mama? Sauti husafiri kwa mita kama 343 kwa sekunde. Mlio mwembamba wa mitetemo 1,000 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa sentimita 34 hivi. Ukuta wa tofali huuzuia kwa kiasi kikubwa. Mlio mzito wa mitetemo 40, ambao ndio kazi ya sabufa, una wimbi la mita nane na nusu, na ukuta huohuo huuzuia kwa shida sana. Ndiyo maana gari likipita mbali husikii wimbo, unasikia ule mdundo peke yake. Kinachomfikia jirani ni mtikisiko, na mtikisiko hauulizi kama ndani kuna msanii au sheikh.

Wanachuoni wetu hawakuwa na sabufa, lakini mtikisiko waliujua. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1223, aliliandika suala la mtu anayetumia mali yake kwa namna inayomdhuru jirani. Katika mifano aliyoitaja yumo anayefungua duka la kupiga na kufua vitambaa mpaka kuta za jirani zikatikisika. Kwake yeye, mwenye mali hana haki hiyo. Lakini uaminifu wa elimu unataka niseme kwamba yeye huyo huyo ananukuu rai nyingine, tena ya Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyorithi wengi wetu pwani hii: kwamba mtu anatumia kilicho chake ndani ya mpaka wake, na ana haki nacho.

Je, rai hiyo inampa ruhusa mwenye Toyota? Mimi naona haimpi. Mfuaji wa zama zile alikaa kwenye duka lake, alifanya kazi mchana, na mji mzima ulihitaji vitambaa vyake. Mtikisiko ulikuwa taka ya kazi. Angeweza kufua bila huo angefurahi. Kwa yule mteja, mtikisiko wa nyumba za watu ndiyo bidhaa aliyoilipia. Ukimtengenezea boksi linalosikika vizuri ndani ya gari tu, ataona ameibiwa. Halafu yeye yuko barabarani, si kwenye mali yake. Barabara ni ya wote, na kuta anazozigusa zina wenyewe. Wallahu a'alam, lakini sioni kama hoja ya "chombo ni changu" inafika huko.

Najua pia jibu linalokuja haraka: mbona misikiti yenu ina vipaza sauti? Swali hilo tumezoea kulipokea kama shambulio, tukajibu kwa kutaja makanisa na baa. Tulipokee basi kama swali. Adhana ni wito, ni ya dakika chache, na nyakati zake zinajulikana. Lakini darasa la saa mbili kwenye spika za nje, linalosikilizwa na watu 15 walioko ndani, ni jambo jingine. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu, na sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wa mtambo. Kelele za malalamiko zilikuwa nyingi, lakini wizara ilijenga hoja yake juu ya kisa tunachokifundisha wenyewe: Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu msikitini aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti za juu, akawakataza wasiudhiane na wasishindane kwa sauti katika kisomo. Walikuwa Masahaba, wakisoma Qur'an, ndani ya msikiti. Mimi nilikuwa kwenye Corolla.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele pamoja na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini atakayeita afisa wa mazingira saa sita usiku kwa gari lililokwisha kupita, simjui.

Tumrudie fundi. Wanachuoni walijadili zamani kumuuzia zabibu mtu anayejulikana kuwa atazikamua pombe. Wapo waliosema zabibu ni halali na dhambi ni ya mkamuaji. Wapo waliokataza muuzaji akijua. Wengi wa wenzetu wa Shafi'i walitofautisha kati ya kujua na kushuku. Tofauti hiyo naipenda, kwa sababu inamwacha fundi afanye kazi. Si lazima amhoji kila mteja kama polisi. Mwenye kutaka asikie vizuri akiwa safarini kwenda Tanga, amtengenezee, na awe na utulivu wa moyo. Huyu mmoja amesema kwa mdomo wake kile anachokwenda kukifanya, na kila lita iliyopimwa kwa mchanga ule imepimwa kwa ajili hiyo. Ufundi wenyewe, ule ulionifurahisha, ndio unaoufikisha mtikisiko chumbani kwa mgonjwa. Fundi mbovu angemdhuru jirani kidogo zaidi.

Nikamwambia hivyo. Akanyamaza, akawa anafuta mikono kwa petroli. Kisha akaniuliza maswali ambayo mwalimu mwenye mshahara wa mwezi huona rahisi kuyasahau. Kodi ya uwanja inakwisha mwisho wa mwezi. Vijana wawili wanakula kwake. Malipo ya awali yameshageuka resini na nyuzi. Na akikataa yeye, si jamaa atakwenda kwa fundi mwingine, boksi lipigwe tu, na mtaa utetemeke vile vile?

Nilimjibu kwamba alichoniuliza ni kuhusu mkono wake, si kuhusu mtaa. Nilipokuwa nalisema niliona ni jibu zuri. Nilipofika nyumbani halikuonekana zuri kiasi hicho, kwa sababu mwenye kodi ya kulipa ni yeye. Kesho yake nikampelekea fedha kidogo kama mkopo, na barakoa tatu.

Alimwambia mteja kwamba yuko tayari kumfungia spika moja kwenye boksi dogo lililozibwa, na kitufe karibu na usukani cha kupunguzia besi. Jamaa akataka fedha zake. Wamekubaliana azirudishe kwa mafungu matatu, na fungu la kwanza amelipa. Lile ganda la ubavu wa Toyota bado limelala chini ya mwembe, haliingii kwenye gari jingine lolote. Wiki hii fundi yuko Kunduchi na resini iliyobaki, anaziba ufa kwenye boti ya faiba ya mvuvi mmoja. Malipo ni madogo.

Mimi boksi langu ninalo. Nikifika kona ya mtaa wetu nazima. Juzi yule mama, ambaye sasa ana nafuu, aliniona nikishuka garini, nikamwamkia, akaitikia marahaba kisha akaniuliza mbona siku hizi hanisikii na kisomo changu. Sauti ile, anasema, aliipenda. Ni kitanda tu kilichokuwa kikitikisika.